Mji wa Kumpa Bi Khairiya

Watu wa mtaani walikuwa wakisema Bi Khairiya ameila nchi nzima na bado ana njaa. Walisema hivyo kwa kicheko, na mwenyewe alicheka nao, maana alikuwa mwembamba kama ukili na chakula chake cha jioni hakikuzidi kitumbua na kikombe cha chai ya tangawizi. Kilicholiwa ni miji. Ukikaa naye baada ya sala ya magharibi, akakutegea kitendawili kikakushinda, ilikubidi umpe mji ndipo akupe jibu. Wengine wakipewa mji hujisifu kwa maneno mawili matatu, wakamaliza. Bi Khairiya hakuwa wa hivyo. Ukimpa Malindi, alikwenda Malindi kweli: alipanda chombo, akatapika njiani, akapokewa na wenyewe, akala wali wao na kuku wao, akala milango na kufuli zake, akashushia na bahari mpaka samaki wakabaki wakirukaruka matopeni. Halafu hujipangusa mdomo kwa ncha ya leso, akasema alhamdulillahi, na hapo tena ndipo ulipoambiwa jibu.

Sharti lake lilikuwa moja, na alilipata kwa mamake: usitoe mji wenye mtu wako. Mwenye mwana Mombasa hatoi Mombasa, na ambaye mumewe yuko Pate hatoi Pate. Mji ukishaliwa, alikuwa akisema, na waliomo nao wameliwa. Watoto walidhani ni utani. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ni utani au si utani, lakini alilishika kama vile watu wanavyoshika kutofagia nyumba usiku.

Keziah aliingia nyumbani kwake mwaka wa pili baada ya uhuru, akiwa nyuma ya mumewe kama mtu anayejikinga upepo. Mume huyo, Ndirangu, alikuwa askari wa polisi, mrefu hata ilimbidi ainame kila mlangoni mwa Amu, ndio Lamu, na mara nyingi alisahau. Alikuwa amepelekwa Kiunga, kule juu karibu na mpaka, ambako siku zile mashifta walikuwa wakivizia magari msituni, na wake za askari hawakuruhusiwa kufika. Kwao Nyeri, Keziah hakuwa na wa kurudia. Mama yake alifia kijijini wakati wa hali ya hatari, na kaka yake wa pekee aliingia msitu wa mlimani kupigana na Wazungu, asitoke. Hata mfupa wake haukuonekana. Basi Ndirangu akamtafutia mkewe chumba Amu, apate kumwona kila apatapo ruhusa, na Bi Khairiya alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa kuliko watu wake. Akawapa chumba cha juu, chenye zidaka za kuwekea vitu ukutani.

Siku hiyo ya kwanza Keziah hakuuliza habari ya maji wala ya choo. Aliuliza jua linatua upande gani. Alipoonyeshwa, alikivuta kitanda, kizito vile, akakigeuza hata mlalaji akifumbua macho awe ameelekea machweo, kidogo mkono wa kulia. Kule, alisema, ndiko mlima uliko. Ndirangu akatabasamu kwa aibu, kama mume ambaye mkewe ameomba kitu kigeni dukani. Bi Khairiya hakuona ajabu. Yeye naye maisha yake yote alikuwa na upande wake wa kuelekea, na wala hajapata kuiona Makka.

Siku za mwanzo lugha iliwapiga chenga. Bi Khairiya alimwita kutoka jikoni, "Ndoo, mwanangu," na kwa Kiamu hilo ni kumwambia mtu njoo. Keziah akaja mbio na ndoo ya maji. Siku ya pili vilevile. Mara nyingine tena alipokuja nayo, imejaa na inamwagika, Bi Khairiya akakaa chini sakafuni kwa kicheko, akamweleza, na tangu hapo likawa neno lao wenyewe. Akisikia "ndoo" Keziah huenda kusudi na ndoo mkononi, hata ile iliyotoboka, akaiweka miguuni pa bibi na kuuliza, "Hii yatosha, Shosho?" Shosho ndivyo wanavyowaita bibi zao huko kwao, na Bi Khairiya, ambaye wajukuu zake wote walikuwa wamehamia mbali, aliitika.

Jioni walikaa katika daka, ule ukumbi mdogo wa ndani ya mlango mkubwa, Bi Khairiya akishona kofia na Keziah akichambua mchele. Hapo ndipo mlima ulipoingia Amu. Nyumba ya baba yake, Keziah alisimulia, ilikaa katikati ya milima. Ukifungua mlango asubuhi Kirinyaga, mlima wao mkubwa wenye kilele cheupe cha barafu, uko mbele yako, upande wa jua. Ukizunguka nyuma ya boma jioni, safu ya Nyandarua imelala machweo yote, kutoka jicho linapoanza mpaka linapokoma. Jina la Nyandarua, wazee wao husema, latokana na ngozi iliyowambwa ikauke, na ukitazama ule mgongo ndivyo ulivyo, ngozi ya ng'ombe imevutwa huku shingo na huku mapaja. Ukianza kuupanda utakuta mierezi, inanuka kama sanduku jipya. Baadaye mianzi, imesongamana hata adhuhuri inakuwa magharibi. Ukitoka kwenye mianzi, miti yenyewe inakwisha, unabaki na majani makavu na mimea mirefu kupita mtu, imesimama mbalimbali ndani ya ukungu kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Na kuna maji yanayoanguka kutoka juu sana, hata yakifika chini si maji tena, ni moshi.

Bi Khairiya alikuwa akijua vilima vya aina moja tu duniani, vile vya mtanga, huo mchanga wa pwani, vya Shela, ambavyo mtoto huvipanda akashuka kwa matako. Alisikiliza kwa makini, sindano imesimama hewani. Juu ya Kirinyaga je, hicho cheupe, cheupe kama nini? Kama chokaa ya msikiti? Zaidi. Kama nazi iliyokunwa? Keziah alifikiri. Labda kama nazi, alisema, lakini nazi ambayo hapana mkono ulioruhusiwa kuigusa. Kwa kuwa Ngai, Mungu wao, akija kuitazama nchi ndipo anapokaa. Wazee wakiomba mvua huinua mikono kuelekea huko. Bibi yake mzaa mama alikuwa na desturi yake: mtoto akizaliwa kwao, alfajiri humtoa nje amemfunika, akamfunua uso tu, akamwelekeza mlimani. Mtoto aone kwanza mlima, baadaye ndipo aone watu, asije akadhani watu ndio wakubwa.

Bi Khairiya akamwambia kwa upole kwamba Mungu hakai juu ya kitu. Halafu akakumbuka kwamba Nabii Musa naye alisemezwa mlimani, akaacha.

Keziah alikuwa na kitendawili kimoja tu cha kwao alichoweza kukigeuza Kiswahili. Kuna mzee mwenye kilemba cheupe. Asubuhi hukaa nje watu wamwone, jua likipanda huvuta pazia. Bi Khairiya akasema ni kadhi. Akasema ni liwali. Akasema ni marehemu mumewe, ambaye baada ya staftahi hakuonekana tena. Kumbe ni Kirinyaga, ambao asubuhi uko wazi na mchana hujifunika mawingu. Ilimbidi atoe mji, akatoa Zanzibar, na Keziah, kwa kuwa alikuwa mgeni wa mchezo, aliula kwa adabu, karafuu chache tu.

Lakini mara nyingi mshindwa alikuwa Keziah. Vitendawili vya Bi Khairiya vilikuwa vya vitu vya pwani, vya mbuzi wa kukunia nazi na vya pweza na vya kamba za makumbi, naye miji yake ilikuwa michache. Alitoa Nairobi, ikaliwa pamoja na reli. Alitoa Nakuru, Nyeri, Mombasa. Siku moja alipokuwa hana tena, Bi Khairiya akamwambia basi ampe ule mlima. Keziah akatikisa kichwa. Mlima una mtu wangu, alisema, na Bi Khairiya akajua kuwa anamsema yule kaka aliyebaki msituni. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, hakuweza kubisha.

Mimba ilipoingia, mlima ukawa si hadithi tena. Keziah alitaka jambo moja: mtoto azaliwe kwao, atolewe nje alfajiri auone Kirinyaga. Hakuna aliyebaki katika ukoo wake wa kumfanyia hivyo ila yeye, na akizaa Amu, mtoto ataanza na ukuta. Ndirangu alimwahidi. Akaomba likizo, ikakawia, ikakataliwa, akaomba tena. Tumbo likakua. Alipokuja mara ya mwisho alilala na kiganja chake juu ya tumbo, na asubuhi akajigonga kichwa mlangoni kama kawaida, akamwambia mkewe amngoje, safari hii ni kweli. Na ilikuwa kweli. Askari mwenzake, Philip, alipita Amu kuchukua vyakula, akaleta salamu kwamba likizo imepatikana, na chombo kijacho cha kutoka Kiunga, Ndirangu atakuwemo. Watavuka hadi Mokowe, wapande basi, na Mungu akipenda watafika kabla ya uchungu.

Keziah akafunga mizigo. Akaifungua, akaifunga tena. Hakuweza kukaa wala kulala, na miguu ilikuwa imemvimba. Jioni moja Bi Khairiya alimwona anapanda na kushuka ngazi bila kazi, akamwita waje wakae wategane. Cha kwanza kilikuwa chepesi, Keziah akakijibu. Bi Khairiya akatafuta kingine. Mawazo yake yalikuwa juu ya kile chumba cha juu, ambacho wiki ijayo kitakuwa kitupu, na jinsi nyumba itakavyokuwa kubwa tena. Na kitendawili kilichomjia kilitoka huko kwenye vyumba.

"Kitendawili."

"Tega, Shosho."

"Nina chumba hakina kodi wala dirisha. Mpangaji akishaingia, ndipo huezekwa."

Alikisikia kilipokwisha kutoka. Kilikuwa cha zamani, watu hukitega na kucheka, lakini si mbele ya mwanamke mzito mwenye mume vitani. Alitaka kukirudisha. Keziah alikuwa ameshainamisha kichwa anafikiri. Ni chungu na kifuniko chake? La. Ni kobe? Kobe, alijijibu mwenyewe, huzaliwa na paa lake. Ni kiota, ni mzinga, ni mtoto tumboni? Hapo Bi Khairiya akasema la haraka mno. Keziah akapiga goti lake kwa kiganja, akasema ameshindwa.

Basi na atoe mji. Keziah akatoa Mombasa. Nishaula. Nairobi. Nishaula hata reli. Nyeri je? Nyeri yenu nimebakisha mawe tu, Bi Khairiya akasema, na Keziah akacheka ameshika tumbo, na ule wasiwasi wa siku zote ukamtoka usoni. Bibi akafurahi.

"Nipe mlima, mwanangu. Yeo tu. Nende nikakutazamie kama wakungoja."

Kicheko kikakatika. "Mlima sitoi, Shosho. Mlima una mtu wangu." Na upesi, kama mtu anayetoa kidogo ili asichukuliwe kikubwa, akasema, "Chukua Kiunga."

Hapo ndipo Bi Khairiya alipopaswa kukataa. Neno la kukataa lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini aliuona uso wa yule binti, mwepesi kama ambavyo hakuuona tangu tumbo lianze kushuka, akajiambia kuwa atakwenda Kiunga bila kula. Atakwenda kufanya jema. Akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Nilikwenda Kiunga," akaanza, "wala sikula kitu, hata maji sikunywa. Nikamkuta askari mmoja mrefu amejigonga kitwa mlangoni. Nikamwambia, wee, mkeo anakwita. Nikampakia chomboni. Nikamlaza, nikamfunika turubai asipigwe na umande, maskini, amechoka na lindo. Akalala moja kwa moja mpaka Amu, hata mawimbi hayakumwamsha. Yuko bandarini, mwanangu. Kamtwae."

Keziah alicheka mpaka akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Halafu akaulizia jibu. Hapo hapo muadhini akaadhini isha, na Bi Khairiya akainuka, akishukuru moyoni, akasema jibu kesho. Kesho yake akasema amelisahau. Keziah akamtania siku nzima kwamba amemlia mji wake bure.

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa asubuhi, samaki wa mchana hata hawajaparuliwa. Mlango mkubwa uligongwa, Bi Khairiya akafungua mwenyewe. Philip alikuwa amesimama kofia mkononi. Alisalimu, akauliza kama mke wa Ndirangu yuko ndani, na Bi Khairiya akakitazama kile kidole gumba kinachozungusha ukingo wa kofia, akajua. Alimsikiliza yaliyobaki kwa mbali. Gari lilikuwa limekanyaga bomu lililofukiwa njiani, msituni. Walikuwamo watatu, na Ndirangu ndiye aliyekaa upande uliolipuka.

Ilimbidi amwite Keziah, na ulimi wake haukuwa na neno jingine la kumwitia.

"Ndoo, mwanangu," akasema. "Ndoo."

Wakasikia hatua nzito za mwanamke mjamzito zikishuka ngazi moja moja. Akatokea na ndoo mkononi, uso umejaa utani, ameshaanza kuuliza hii yatosha, na jicho lake likamwangukia Philip na ile kofia. Aliiweka ndoo chini taratibu, kama iliyojaa, na haikuwa na kitu.

"Yuko wapi?"

"Yuko bandarini, shemeji," Philip akasema. "Tumemleta kwa chombo. Barabara haipitiki."

Keziah aligeuka akamtazama bibi, si kwa hasira, ila kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka sauti fulani aliisikia wapi. Kisha akashuka kwenda bandarini kama alivyokuwa, bila viatu, na watu wakampisha. Ndirangu alikuwa amelazwa chomboni na kufunikwa turubai la kijani. Miguu yake ilikuwa mirefu, turubai halikuifikia.

Alitaka kumpeleka kwao. Aliwaambia wakubwa wa mumewe, mmoja baada ya mwingine, kwamba mtu wa kule huzikwa mlima ukimwona. Walimsikiliza kwa heshima. Njia ya Garsen ilikuwa imejaa maji na mashifta, ndege haikuwapo, na joto la Amu ni lile lile. Ingepatikana barafu, mmoja akasema, labda tungejaribu. Keziah akazunguka mji mzima na tumbo lake akiulizia barafu. Katika duka moja lililokuwa na friji ya mafuta ya taa alipewa kipande cha kujaza bakuli, na mwenye duka aliona haya kumpa. Kilikuwa maji kabla hajafika bandarini. Akakaa na lile bakuli mapajani, akamwambia Bi Khairiya aliyekuwa amemfuata nyuma na buibui lake, "Mlima mzima ule wa barafu, Shosho."

Ndirangu alizikwa alasiri, pembeni mwa mji, walipozikwa wageni wa serikali wa zamani. Wanawake wa Amu hawaendi makaburini. Bi Khairiya alikwenda, akasimama mbali nyuma ya michongoma, na waliomwona walisema la kusema. Aliona askari wanachimba na mtanga unawarudia. Aliona Keziah ananyoosha mkono kuwaonyesha uso uelekee wapi: machweo, kidogo mkono wa kulia. Wakamgeuza, wakamshusha. Kisha wakaanza kupanga mbao juu yake, ubavu kwa ubavu, kabla ya mtanga. Na hapo Bi Khairiya aliona kichwa cha Keziah kikiinuka ghafla, kikabaki hivyo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na asijue ni nani aliyemwita.

Uchungu haukungoja. Ulimshika wiki ile ile, kwenye kile kitanda kilichogeuzwa. Mkunga, Bi Radhiya, alitaka kukirudisha kitanda kilipokuwa apate nafasi ya kuzunguka, na Keziah akasema hapana. Alizaa akiwa ameukazia macho ukuta. Akazaliwa binti, mrefu wa miguu, akapewa jina la mama yake Ndirangu, Wanjugu, kama desturi yao ilivyo.

Alfajiri Keziah akaomba asaidiwe kupanda darini, kwenye paa la wazi. Bi Khairiya akamshika kiuno, wakapanda. Akamfunua mtoto uso tu, akamwelekeza. Kule kulikuwa na mkono wa bahari, na ng'ambo yake mikoko ya bara, mstari mweusi mwembamba kama wanja, na juu ya mstari mawingu ya kawaida. Walisimama mpaka jua likaanza kuchoma. Bi Khairiya akauliza kama mtoto ameuona.

"Hapana cha kuonwa, Shosho," Keziah akasema, akamfunika.

Bi Khairiya alimlea mpaka arubaini ikatimia. Alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akaamka mtoto alipolia. Walizungumza habari za maziwa na za nepi. Vitendawili havikutegwa tena katika nyumba ile. Watoto wa mtaani walipokuja baada ya magharibi kama walivyozoea, aliwaambia anaumwa meno.

Philip alipohamishwa kurudi bara, ilionekana ndiyo nafasi: angemsindikiza Keziah hadi Nyeri, kwa ndugu za marehemu ambao hajapata kuwaona. Jioni ya mwisho mizigo ilikuwa imefungwa mlangoni. Bi Khairiya alikuwa katika daka anashona kofia, au ameishika tu. Keziah alikuja na mtoto, akakaa pale pale pake pa siku zote.

"Nitegee, Shosho."

Bi Khairiya akasema ameviacha.

"Nitegee kile cha chumba."

"Hicho nimekisahau, mwanangu. Nilikwambia."

"Mimi sikukisahau," Keziah akasema. "Hakina kodi wala dirisha. Mpangaji akishaingia, ndipo huezekwa. Ni kaburi." Akamsogeza mtoto kutoka paja moja hadi la pili. "Nimejibu mwenyewe. Sasa nirudishie mji wangu."

Katika miaka yote ile hapana mtu aliyewahi kumrudia Bi Khairiya na jibu, akadai mji wake. Miji ilitolewa, ikaliwa, watu wakaenda kulala, na asubuhi Malindi ilikuwa pale pale na samaki wake. Aliwaza kuwa labda kuna namna. Labda mji hurudishwa kwa kuuanza upya, mtu akaenda nyuma kwa njia aliyoijia. Akaweka kofia chini.

"Nilikwenda Kiunga," akaanza. "Nikamkuta..."

Hakuweza kupita hapo. Keziah ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti, kama anayeeleza jambo la jikoni.

"Kaka yangu amekufa, Shosho, na nilijua amekufa. Yeye ndiye niliyemfichia mlima. Ningekupa mlima siku ile, ungefika ukaumwa meno kweli, ukarudi. Mlima hauliki. Nikakunyima mlima nikakupa Ndirangu."

"Ulikuwa mchezo, mwanangu."

"Najua ulikuwa mchezo."

Lakini kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya goti, kimefunguka, kinatazama juu, kama cha mtu anayesubiri kuwekewa kitu. Kilikaa hivyo mpaka muadhini akaadhini isha. Safari hii Bi Khairiya hakuinuka. Aliyeinuka ni Keziah, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda ngazi.

Asubuhi chombo cha Mokowe kiliondoka maji yalipojaa. Keziah alimbusu bibi mkono na Bi Khairiya akamshika mtoto miguu, ile mirefu, kwa muda zaidi ya ilivyohitajika. Aliporudi nyumbani, bibi aliikuta ndoo imeoshwa na kufudikizwa jikoni.

Akapanda chumba cha juu kufagia. Zidaka zilikuwa tupu. Kitanda kilikuwa bado kimegeuka, na peke yake hakuwa na nguvu za kukirudisha. Akalala juu yake, chali, na buibui lake, akaelekea machweo, kidogo mkono wa kulia. Palikuwa na ukuta, chokaa imebanduka kwa unyevu. Aliujua mlima wote kwa moyo: mierezi inayonuka sanduku, mianzi, ile mimea iliyosimama ukunguni, mzee na kilemba chake. Akafumba macho apate kuuona. Akangoja. Kilichokuja ni turubai la kijani, na miguu iliyozidi.